Oda ya mia sita: kisa cha fundi wa yunifomu aliyeuza sana akabaki bila pesa

Kabla sijaanza

Hiki kisa ni cha kweli na mwenyewe ameniruhusu nikiandike, sharti tu asijulikane. Mtaa sitautaja, jua tu ni Eastlands, Nairobi. Shule pia sitazitaja, na hesabu nimezizungusha ziwe rahisi kufuata, lakini uzito wake ni uleule. Yeye tutamwita Mama Yunifomu, jina nimempa mimi. Mimi kazi yangu ni hesabu, jioni na Jumamosi nawekea watu wa biashara ndogo vitabu, na niliitwa kwake Machi 2023 mambo yakiwa yashaharibika. Kwa hivyo nusu ya kwanza naitoa kwa madaftari yake na kwa mdomo wake, nusu ya pili niliiona mwenyewe, na kuna makosa humo ndani ambayo ni yangu.

Naandika juu nimechoka na wimbo mmoja, ati biashara ndogo Kenya hazikui kwa sababu hazina mtaji. Huyu mama mtaji alipata. Oda alipata, kubwa kuliko zote alizowahi kushona. Na ndio ikamrudisha nyuma karibu miaka miwili.

Biashara yenyewe

Alianza 2014 na mashine moja ya kukanyaga, kwa baraza la nyumba aliyokuwa amepanga, kazi za kupunguza longi na kubadilisha zipu. Yunifomu zilikuja tu, mzazi mmoja alimletea shati ya mtoto iliyochakaa akamwambia nishonee kama hii lakini kubwa. Kufikia 2019 alikuwa na chumba cha duka mbele ya ploti, mashine tano, tatu za stima na overloki moja ya kuziba kingo za kitambaa na ile ya zamani ya kukanyaga ya kusaidia siku stima imepotea, na mafundi wanne wanaolipwa kwa kipande. Kitambaa anatoa Eastleigh kwa roli, vifungo na zipu na nyuzi anatoa River Road, sweta hafumi yeye, ananunua kwa wafumaji anaweka beji.

Sasa wazazi walimpendea nini na kuna yunifomu za kununua zimeshonwa tayari, na bei ni ya chini? Pindo. Kila longi na kila sketi yake anaacha inchi mbili za kitambaa zimekunjwa ndani, mtoto akirefuka unarudi anakufungulia bure ukingoja hapo hapo. Mzazi wa Nairobi mwenye watoto watatu akisikia hivyo hahesabu tena hamsini za kupunguziwa kwingine.

Kitu cha pili cha kujua ni meza ya kukata. Kwa hiyo meza ni yeye tu. Ana mkasi mzito wa chuma, mpini umefungwa kitambaa cha bluu juu ulikuwa unamtoa malengelenge, na hakuna fundi anaruhusiwa kuugusa hata kukata uzi. Hakuwa na patani hata moja, yale makaratasi ya umbo la nguo ya kukatia, vipimo vyote viko kichwani. Anaangalia mtoto, anasema huyu ni ishirini na nne, anachora na chaki, anakata. Asubuhi kabla mafundi wafike anakuwa amekata za siku nzima, halafu anabaki kaunta kuhudumia wateja. Akienda matanga ushago siku tatu, mafundi wanakaa wakipiga stori siku tatu.

Korona ilipofunga shule Machi 2020 alishona barakoa kama mafundi wengine wote, hizo ndizo zilimlipia kodi ya duka. Hiyo sehemu nairuka, haina la kutufunza sana hapa.

Januari tatu ndani ya miezi kumi na nane

Hapa ndipo nataka tukae kidogo juu kila mtu niliyemsimulia hiki kisa alipita hapa mbio, hata mimi mwenyewe ilinichukua wiki nzima na daftari mkononi kabla nione.

Biashara ya yunifomu inakula mara moja kwa mwaka. Mwaka wa masomo ukianza, wazazi wananunua seti nzima, halafu muhula wa pili na wa tatu ni vitu vidogo, sweta imepotea, kaptula imepasuka. Sasa kumbuka kalenda ya korona. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai 2021. Wa 2022 ukaanza Aprili 2022. Wa 2023 ukarudi mahali pake, Januari 2023. Mihula ilibanwa ili tufikie kalenda ya kawaida, na matokeo yake ni kwamba kutoka Julai 2021 hadi Januari 2023, miezi kumi na nane tu, kulikuwa na fungua mwaka tatu.

Mama Yunifomu hakuiona kama kalenda. Aliona mauzo. Daftari lake la Julai 2021 linaonyesha kaunta ilijaa, halafu kabla pesa iishe Aprili 2022 ikajaa tena, na hiyo Aprili na Mei aliuza taslimu kama 260,000 kwa wazazi wa kuingia dukani peke yao. Mwenzake wa chama akamwambia dada wewe umeomoka. Na yeye akaamini, na hata mimi ningeamini, pesa inaingia kila baada ya miezi tisa badala ya kumi na mbili na hakuna mtu wa kukuambia kwamba huko mbele utangoja mwaka mzima.

Kwa hiyo imani akafanya maamuzi mawili.

La kwanza, Novemba 2022 akafungua branchi mtaa wa pili. Kodi 12,000, dipoziti ya miezi miwili, kaunta, bango na fundi mmoja wa kukaa pale. Lakini kukata ni wapi? Kwa meza ileile ya mama. Fundi wa branchi anapima mtoto, anaandika vipimo kwa karatasi, anatuma picha, mama anakata, boda inapeleka vipande kwa mia na hamsini, vikishonwa kukiwa na shida boda inarudisha kwa mia na hamsini ingine. Kuna sketi moja kwa daftari ilisafiri mara nne.

La pili ndilo oda.

Oda ya mia sita

Januari 2023 Gredi 7 ya kwanza ilikuwa inaingia JSS, yaani sekondari ya chini, na shule nyingi, hasa akademi za binafsi, zilitaka hao watoto wavae tofauti na wadogo. Rangi mpya, sweta mpya, beji mpya. Akademi mbili ambazo alikuwa anazishonea vitu vidogo zikamwita Disemba. Kwa pamoja walitaka seti 600, hao wa JSS na wengine wa madarasa ya chini: shati, longi au sketi, na sweta. Bei 1,450 kwa seti. Shule zitachukua pesa kwa wazazi pamoja na karo halafu zimlipe yeye ndani ya siku thelathini baada ya mzigo kufika.

Alipiga hesabu nyuma ya kalenda ya ukuta, nimeiona. Seti 600 kwa 1,450 ni 870,000. Gharama yake ya kitambaa, sweta, vifungo, beji na mafundi ni 1,150 kwa seti, yaani 690,000. Inabaki 180,000. Akachora mstari mara mbili chini ya hiyo 180,000.

Alikataa? Angekataaje. Kwanza alihofia akisema hana uwezo shule zitaenda kwa fundi mwingine na hazitarudi, na hofu hiyo si ya uongo, naijua mitaa hii. Pili hizo shule zilikuwa zake tangu 2017.

Pesa ya kuanza ilipatikana hivi: dipoziti ya shule zote mbili jumla 130,000, zake mwenyewe 110,000, mkopo wa 400,000 kutoka taasisi moja ya mikopo, na kitambaa cha 64,000 alichopewa kwa deni Eastleigh alipe baada ya wiki mbili. Hustler Fund, mikopo ya serikali ya kupitia simu, ilikuwa imezinduliwa mwisho wa Novemba 2022, akajaribu, kiwango walichompa kilikuwa cha kununua nyuzi tu. Mkopo ulikuwa wa miezi kumi na miwili, riba asilimia 2 kwa mwezi, na riba yenyewe inahesabiwa juu ya zile laki nne zote mpaka mwisho hata kama umeshalipa nusu. Hiyo ni 96,000. Ada na bima wakakata 14,000 mbele, mkononi akapata 386,000. Kila mwezi ni kulipa 41,300 na kitu, kuanzia Januari.

Soma tena hapo. Analipwa na shule siku thelathini baada ya kupeleka mzigo, mzigo unaenda mwisho wa Januari, na kulipa mkopo kunaanza Januari.

Halafu kazi yenyewe. Seti 600 ni shati 600 na longi ama sketi 600, vipande elfu moja na mia mbili vya kukata, na mkasi ni mmoja. Kufikia tarehe 10 Januari mkono wa mama ulikuwa umevimba, anafunga na leso anaendelea. Ndio kwa mara ya kwanza akakubali fundi wake wa kwanza, kijana amekaa naye miaka sita, akate longi. Kijana akakata kwa kukisia juu hakuna patani, na kwa sababu kitambaa kilikuwa kinaelekea kuisha akapunguza pindo na akabana mapaja. Longi 46 zikarudi. Watoto wa miaka kumi na miwili hawakai ndani ya longi ya mtoto wa tisa. Kuzirudia ilikula 21,000.

Na kaunta? Hapo ndipo mimi huuma meno. Januari ndio mwezi wazazi wanakuja na pesa mkononi. Walikuja. Wakaambiwa rudini wiki ijayo, mashine zote ziko kwa oda ya shule. Mzazi ambaye shule inafungua Jumatatu hangojei wiki ijayo, anapanda matatu anaenda town ananunua iliyoshonwa tayari. Januari hiyo na Februari aliuza taslimu kama 90,000. Linganisha na zile 260,000 za Aprili na Mei 2022.

Pesa ya shule

Shule ya kwanza ililipa nusu mwisho wa Machi na nusu ingine Mei. Si mbaya sana kwa Nairobi. Ya pili ilianza kutoa elfu ishirini, elfu kumi na tano, elfu thelathini, mpaka Septemba, ikaacha 118,000 ambazo hadi naandika hazijalipwa. Mwenye shule hajifichi, anashika simu, anasema wazazi hawajamaliza karo. Na kusema haki hadanganyi kabisa, wazazi hao walikuwa wamefungua mwaka mara tatu kwa miezi kumi na nane vilevile. Lakini pesa ya yunifomu mzazi aliitoa, ikaingia kwa mshahara wa walimu.

Watu huchukulia kulipwa kuchelewa kama tabia mbaya ya shule fulani au duka fulani. Ukimsambazia mtu mzigo kwa deni wewe umekuwa benki yake, tofauti ni kwamba benki inatoza riba na inashika hati. Nakumatt, ile supamaketi kubwa, ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, wasambazaji wadogo walijikuta kwa foleni ya wanaodai pamoja na mabenki, na mabenki yalikuwa na dhamana. Akademi ya mtaa ni ndogo sana lakini foleni ni ileile, na fundi wa nguo yuko nyuma ya mwalimu, landilodi na mwenye kuleta maharagwe.

Tulipokaa na daftari

Niliitwa Machi. Alikuwa ameruka kulipa mwezi mmoja, afisa wa mkopo anapiga simu mara mbili kwa siku, na tayari alikuwa amezamisha Fuliza, ile ya kukopa kwa M-Pesa, na mikopo miwili ya simu kulipia kodi ya branchi. Alichoniitia ni nimsaidie kuandika barua ya kuomba mkopo mwingine. Akaniambia, "Shida yangu ni mtaji tu, nikipata laki tatu nitasimama."

Nikamwambia kabla ya barua tuhesabu ile oda. Tulikaa kwa meza ya kukata usiku, balbu moja, na nilimwachia kalamu aandike yeye.

Faida ya karatasi, 180,000. Toa riba na ada za mkopo, 110,000. Imebaki 70,000. Hapo bado alikuwa sawa, akasema si mbaya. Toa longi 46, ikawa 49,000. Halafu nikamuuliza ile shule ya pili kwa roho yako unaona watabaki na kiasi gani. Akafikiria akasema laki moja na kitu, na mwishowe ilikuja kuwa 118,000. Akaandika, akatoa, akaangalia. Hasara ya karibu 69,000, kwa oda kubwa kuliko zote maishani mwake, bila kuhesabu wazazi waliorudishwa kaunta. Akafunga daftari akaenda nje. Sikumfuata.

Barua haikuandikwa.

Tulichofanya na kwa nini

Branchi tulifunga Juni 2023. Alibishana, watu watasema ameanguka. Ni mzee wake alimwambia watu hawalipi kodi ya duka.

Kwa mkopo, tulienda ofisini kwao sote wawili tukiwa na karatasi za madeni ya shule, tukaomba muda. Waliongeza miezi minne na riba juu yake. Ghali, lakini simu za mara mbili kwa siku zilikwisha na akili ya mtu ikarudi kwa kazi. Ile ya Eastleigh ililipwa kwanza kabla ya yote, juu yule muuza kitambaa alikuwa akimpa roli bila riba kwa neno tu la mdomo, na huyo ukimharibia umejifungia mlango.

Pesa tulitenganisha. Hapo awali kila kitu kinaingia kwa laini yake ya simu, karo ya watoto wake, mchango wa harusi, kitambaa, vyote kwa mfuko mmoja. Tukachukua nambari ya tili ya duka, na yeye akawa analipwa 25,000 kwa mwezi kama fundi mwingine yeyote. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa anavunja hiyo sheria kila wiki. Mwezi wa nne alivunja mara moja.

Shule tukaziandikia: kuanzia sasa nusu mbele, nusu mzigo ukichukuliwa, la sivyo tuma wazazi dukani. Ile yenye deni ikaondoka na maneno mengi. Ile ingine ikakubali kutuma wazazi, na yeye akakubali kushonea watoto watano wasiojiweza bure kila Januari. Hapo ndipo nilimwona ni mfanyabiashara kuliko mimi, mimi nilikuwa nataka tuipe shule kamisheni.

Na patani. Tulimtafuta mzee mmoja mkataji aliyestaafu kiwandani Industrial Area, akakaa naye Jumapili nne. Mama anachora kwa kichwa, mzee anahamisha kwa karatasi ngumu, saizi 22 hadi 36, kila moja imeandikwa nambari, imetobolewa shimo, imetundikwa kwa msumari. Fundi wa kwanza akaanza kukata. Longi ya kwanza aliyokata kwa patani mama aliipima mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anatafuta kosa kabisa.

Kilichotokea

Januari 2024 jumla ya mauzo ilikuwa 410,000, na kati ya hizo 370,000 zilikuwa taslimu. Ukilinganisha na ule msimu wa oda, ambapo karatasi ilionyesha 870,000 na 90,000, ni chini ya nusu, na yeye kwa siku kadhaa aliona aibu. Lakini Februari alienda Eastleigh na pesa yake akanunua roli za muhula wa pili bila kukopa kwa mtu, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea tangu afungue. Mkopo uliisha Aprili 2024.

Halafu kukaja mawili.

Moja ni la kodi. Mwanzo wa 2024 shule moja mpya, nzuri, inayolipa, ilitaka invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi KRA, juu tangu Januari 2024 gharama isiyo na hiyo invoisi hawawezi kuitoa kwa hesabu ya kodi yao. Yeye alikuwa na PIN ya KRA lakini kila mwaka anajaza sufuri, kama mtu asiye na mapato. Akiingia eTIMS ameonekana, na akionekana mauzo yake yako juu ya milioni moja kwa mwaka, kwa hivyo kuna ile kodi ya mauzo, asilimia 3 tangu Julai 2023. Ni ya mauzo, si ya faida. Kwa seti ya 1,450 hiyo ni kama shilingi 43 na senti, na anachobaki nacho ni 300 kabla ya kulipa landilodi wa duka na stima. Mtu wa ofisini huona watu wa biashara ndogo wanakwepa kwa ujanja. Kuna wajanja, sikatai. Lakini wengi wamesimama pale mlangoni wanapiga hesabu kama hii, na hata ule uchunguzi wa KNBS, shirika la takwimu la serikali, wa 2016 uliohesabu biashara ndogo na za kati kama milioni 7.4 ulipata zenye laisensi ni milioni 1.5 na kitu tu. Yeye aliamua kuingia, akapandisha seti hadi 1,500 kwa shule za invoisi. Ile shule ilikubali bila kelele.

La pili linauma. Agosti 2024 yule fundi wa kwanza aliondoka, akafungua duka lake mitaa miwili mbele. Patani zote alikuwa amezipiga picha kwa simu, na shule moja akaenda nayo.

Sasa tuichambue

Nianze na kosa langu. Mimi nilipofika niliona mkasi mmoja nikasema hiki ndicho kizuizi, mama ni mshikaji, hataki kufundisha. Na ni kweli kazi yote ilikuwa inapita kwa mkono mmoja na haiwezi kukua kuliko huo mkono. Lakini kule kushika kwake hakukuwa ujinga, ilikuwa ndio bima yake. Hana mkataba na mafundi, hana jina lililosajiliwa, alicho nacho ni kwamba vipimo viko kichwani na hakuna wa kuviiba. Mimi nilivitoa kichwani nikavitundika msumarini, na kijana ambaye sasa anakata na kushona na kusimamia wenzake nikamwacha analipwa kwa kipande kama mwaka 2018. Nilimwongezea kazi bila kumwongezea pesa. Siku aliyoondoka mama alinipigia simu akasema maneno mawili tu, "Si nilikuambia," akakata.

Kwa hivyo mtu akikuambia mfundishe mwingine kazi yako ili biashara ikue, muulize huyo mwingine atakaa kwa nini. Mkataji wa sasa analipwa shilingi 15 juu kwa kila seti aliyokata na bonasi ya Januari ikilipwa mwisho wa Februari, si kabla. Imesaidia? Amekaa. Bado mapema kusema.

Kuhusu oda, watu wakisikia wanasema angeikataa. Mimi siamini. Angechukua seti 200, zile dipoziti pamoja na pesa yake mwenyewe zingefunika, na mashine mbili angeziachia kaunta. Kilichomuumiza si ukubwa wa oda peke yake, ni kwamba alichukua mwezi mmoja wa mwaka ambao pesa taslimu inaingia kwa miguu yake yenyewe mpaka dukani, akaukodisha kwa watu wa kulipa Septemba. Kwa biashara ya msimu hiyo ndiyo gharama kubwa na haiandikwi kwa daftari lolote, juu mzazi aliyerudi na mtoto wake bila kununua haachi risiti.

Mkopo wenyewe nao haukuwa mbaya kwa jina, ni umbo lake. Unakopa kwa kazi inayoiva mara moja kwa mwaka, unalipa kila mwezi kama mtu wa mshahara. Kwa mwenye kibanda cha chai hiyo inaweza kukaa. Kwa fundi wa yunifomu, Juni ataitoa wapi 41,000? Ataitoa kwa kitambaa cha Agosti. Na ndivyo ilivyokuwa, daftari la Juni 2023 lina roli mbili zilizouzwa kwa fundi mwenzake kwa hasara ili mkopo ulipwe.

Ile kalenda sina la kumlaumu. Ningependa tu kila mtu anayefungua branchi aulize mauzo yamepanda kwa sababu wateja wameongezeka, au wateja walewale wamekuja mapema. Daftari lake lilikuwa na jibu: majina ya watoto. Julai 2021, Aprili 2022, ni watoto walewale, saizi tu ndiyo imebadilika. Wapya walikuwa wachache sana.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko tulivyotarajia ni kutuma wazazi dukani, na hiyo ni kwa sababu ya pindo. Yule kijana kwa duka lake jipya anakata pindo la nusu inchi kuokoa kitambaa, na bei yake iko chini kwa mia. Wengine wamehamia kwake na hawajarudi. Wengine walirudi muhula wa pili na longi inayofika juu ya kifundo, wakiuliza kama anaweza kufungua. Za kijana hazifunguki, hakuna kitu ndani.

Nilipita hapo wiki mbili zilizopita kuchukua daftari. Msichana mpya alikuwa mezani anakata na mkasi mpya wa mpini wa plastiki, patani sasa zinafungiwa kabatini jioni na ufunguo anao mama. Mwenyewe alikuwa amekaa nje kwa kiti cha plastiki anapanga vifungo kwa saizi. Nikamuuliza ule mkasi wa kitambaa cha bluu uliishia wapi. Akainua leso iliyokuwa mapajani, akaurudishia leso, akaendelea kuhesabu.